Chupa ya Mkojo na Dhamana ya Tabibu: Upimaji wa Maradhi ya Watu na Wanyama katika Historia Yetu



Ibn Abi Usaybi'a (aliyefariki mwaka 668 H/1270 M), katika kitabu chake cha matabaka ya matabibu, amepokea kisa cha Khalifa Harun Ar-Rashid na tabibu Bukhtishu bin Jurjis, Mkristo wa Jundishapur. Khalifa alikuwa mgonjwa, na huyu bwana aliletwa Baghdad kutoka kwao kwa sifa zake. Kabla ya kumkabidhi mwili wake, Khalifa alitaka kumjaribu. Akamwamuru mtumishi kwa siri alete chupa yenye mkojo wa mnyama. Bukhtishu alipoitazama akasema kwamba huu si mkojo wa mwanadamu. Tabibu mmoja wa kasri, Abu Quraysh, akamkadhibisha, akadai ni mkojo wa mmoja wa masuria wa Khalifa. Bukhtishu akashikilia neno lake, akaongeza kwamba ikiwa ni kweli ni wa suria huyo, basi huenda amegeuka mnyama. Alipoulizwa amejuaje, akataja uzito wa mkojo, rangi yake na harufu yake. Alipoulizwa mwenye mkojo alishwe nini, akajibu: shayiri nzuri. Khalifa akacheka, akamvika joho la heshima na kumfanya mkuu wa matabibu.

Hatukisimulii kisa hiki kama hadithi yenye isnadi madhubuti. Mwandishi wake ameishi zaidi ya miaka 400 baada ya tukio, na vitabu vya matabaka vina mazoea yao ya kupamba. Lakini asili ya jambo lenyewe ina ushahidi mwingine. Ibn Sina (aliyefariki 428 H/1037 M), katika juzuu ya kwanza ya Al-Qanun, ameweka fasili maalumu juu ya mikojo ya wanyama na tofauti yake na ya watu, na sababu aliyoitaja ni kwamba tabibu humfaa kuijua anapotahiniwa. Maana yake ni kwamba ilikuwa ada ya watu kuwajaribu matabibu kwa njia hiyo, hata ikalazimu kitabu cha mafunzo kimwandae mwanafunzi.

Ndugu msomaji, tumeanza na chupa hii kwa sababu maswali mawili tunayoulizwa mara kwa mara siku hizi, misikitini na madrasani, yamo ndani yake. La kwanza: ni wakati gani anayetibu anakuwa mdhamini wa kilichoharibika mkononi mwake? La pili: je, kutibu bila kupima, hali kipimo kipo, ni uzembe kisheria? Nasi tuna kesi yetu wenyewe, ya mnyama na si ya mtu, tutakayoieleza kwa ufupi baada ya historia.

Masharti ya kipimo

Watu wengi hudhani kwamba upimaji wa zamani ulikuwa ni kutazama tu na kubahatisha. Aliyesoma mlango wa mkojo katika Al-Qanun hawezi kusema hivyo. Ibn Sina anataka mkojo uwe wa asubuhi, usiozuiliwa kwa muda mrefu, kabla mgonjwa hajala wala kunywa. Asiwe ametumia kitu chenye kutia rangi kama zafarani. Hata hina iliyopakwa ngozini anaihesabu, kwa kuwa huenda ikabadilisha rangi. Chombo kiwe kioo safi, cheupe, na usipotee mkojo wowote. Usiwekwe juani, wala penye upepo, wala usiachwe ukagandishwa na baridi, wala usicheleweshwe mpaka ukabadilika. Kisha utazamwe penye mwanga lakini si chini ya jua lenyewe.

Anayefanya kazi maabara leo atayatambua haya yote. Kabla yake Ishaq bin Sulayman Al-Isra'ili, tabibu Myahudi wa Qayrawan, alikwishaandika kitabu kizima juu ya mkojo, na katika karne ya tano Hijria Constantinus Africanus akakihamishia katika Kilatini, kikasomwa Ulaya kwa karne nyingi. Sisi tuliosoma mustalah al-hadith hatuoni ajabu katika masharti haya. Sampuli isiyojulikana imetoka kwa nani, lini, na imepitia mikononi mwa nani, ni kama habari isiyo na wapokezi: haijengewi hukumu.

Ar-Razi (aliyefariki 313 H/925 M kwa kauli mashuhuri) alikwenda mbali zaidi, kwa kuwa aliijaribu tiba yenyewe. Katika Al-Hawi ametaja kwamba wagonjwa wa sirsamu, ambayo ni homa ya ubongo, aliwatoa damu kundi moja na kuliacha kundi jingine kwa makusudi, ili aone tofauti na aondoe shaka yake. Na ndiye aliyeandika risala ya ndui na surua, akionyesha dalili za kuyapambanua maradhi hayo mawili ambayo watu walikuwa wakiyachanganya. Ama kile kisa kinachopendwa sana na makhatibu, kwamba Ar-Razi alitundika vipande vya nyama pande zote za Baghdad ili kuchagua mahali pa kujenga hospitali ya Adhudi, tunawaomba ndugu zetu wakiache au wakisimulie kwa tahadhari. Hospitali ya Adhudi ilifunguliwa mwaka 372 H (982 M), zaidi ya nusu karne baada ya kufariki kwake, na Ibn Abi Usaybi'a mwenyewe amelizindua jambo hilo. Sifa za mtu huyu zinatosha bila ya nyama hizo.

Mtihani wa mwaka 319

Mwaka 319 H (931 M) zilimfikia Khalifa Al-Muqtadir habari za mtu aliyekufa Baghdad kwa kosa la tabibu. Khalifa akamwamuru muhtasibu wake awazuie matabibu wote kutibu, isipokuwa atakayetahiniwa na Sinan bin Thabit na kupewa hati kwa mkono wake. Sinan akawatahini pande zote mbili za mto Tigris watu zaidi ya 860, mbali na wale ambao umashuhuri wao uliwatosheleza na wale waliokuwa katika utumishi wa Khalifa. Kila mmoja aliandikiwa kazi anayoiweza, na si zaidi ya hiyo.

Kuna mzee mmoja katika habari hizo ambaye sisi tunampenda. Aliingia kwa Sinan akiwa na mavazi mazuri na haiba kubwa, Sinan akamheshimu na kumkalisha karibu. Watahiniwa walipoondoka akamtaka atoe aliyonayo katika elimu. Mzee akatoa dinari mkobani, akaziweka mbele yake, akakiri kwamba hajui kusoma wala kuandika vizuri, ila ana familia na riziki yake ni hii kazi, akaomba asikatiwe. Sinan akacheka, akamruhusu kwa sharti kwamba asimvamie mgonjwa kwa asilolijua, wala asitoe damu wala kutoa dawa ya kuharisha ila kwa maradhi yaliyo mepesi. Mzee akasema hiyo ndiyo njia yake maisha yake yote, hajawahi kuvuka sikanjabini na julabu, yaani maji ya siki na asali na sharbati ya waridi. Kesho yake akaingia kijana nadhifu. Sinan akamuuliza amesoma kwa nani, akajibu: kwa baba yangu, na baba yake ni yule mzee wa jana. Sinan akamwambia ashike njia ya baba yake na asiivuke.

Wako waliokichukua kisa hiki kama dhihaka kwa Sinan, kwamba mtihani wake ulinunulika. Rai yetu si hiyo. Mwenye kujua mpaka wa elimu yake na akasimama hapo, madhara yake ni machache kuliko yule mwenye hati kubwa asiye na mpaka.

Sinan huyuhuyu alikuwa akiandikiana na waziri Ali bin Isa, aliyemwamuru apeleke matabibu magerezani kila siku, na apeleke wengine pamoja na sanduku la dawa katika vijiji vya Iraki visivyo na tabibu. Walipofika mahali ambapo wakazi wengi walikuwa Mayahudi, Sinan akauliza afanye nini. Jibu la waziri lilikuwa kwamba kuwatibu ahlu dhimma na wanyama ni sawa, ila wanaotangulizwa ni watu kabla ya wanyama, na Waislamu kabla ya wengine, na kinachozidi kwa tabaka moja kipewe tabaka linalofuata. Tazama jinsi wanyama walivyoingia katika mpango wa tiba wa dola mwanzoni mwa karne ya nne Hijria, tena katika barua ya waziri, si katika kitabu cha adabu.

Mnyama hasemi

Elimu ya baytara, ambayo ni tiba ya wanyama, ilikuwa na watu wake. Ibn Akhi Hizam, wa karne ya tatu, aliandika juu ya farasi na maradhi yao. Karne tano baada ya Hijria zilipopita na nyingine mbili zikakamilika, Abu Bakr bin Badr, mganga wa farasi wa Sultani An-Nasir Muhammad bin Qalawun wa Misri (aliyefariki 741 H/1341 M), akatunga kitabu kiitwacho Kamil As-Sina'atayn, mashuhuri kwa jina la An-Nasiri, ambacho kilifasiriwa kwa Kifaransa katika karne ya 19.

Lakini maneno yenye uzito zaidi juu ya kazi hii tumeyakuta kwa mtu wa hisba. Ash-Shayzari, wa zama za Salahuddin, katika kitabu chake cha kuwaongoza wahtasibu, anasema kwamba kutibu wanyama ni kugumu kuliko kutibu watu, kwa sababu mnyama hana ulimi wa kueleza anachokiona cha maumivu, na maradhi yake hayajulikani ila kwa kugusa na kutazama. Kwa hiyo anahitaji mtu mwenye busara na ujuzi. Basi yule mwenye kuingia zizini na kuondoka bila kugusa chochote amekosa njia ya pekee aliyokuwa nayo.

Kwa matabibu wa watu, Ash-Shayzari anataka watahiniwe kwa kitabu cha Hunayn bin Ishaq cha mtihani wa tabibu, na waganga wa macho kwa makala zake kumi za jicho. Waapishwe wasitoe sumu, wainamishe macho, wasifichue siri. Kisha anasimulia, kama desturi ya wafalme wa Wayunani, utaratibu ambao Ibn Al-Ukhuwwa (aliyefariki 729 H/1329 M) ameurudia baada yake. Tabibu akiingia kwa mgonjwa humuuliza sababu ya ugonjwa na maumivu, hutazama mkojo na mapigo ya mshipa, huandika alichokiona na dawa aliyoitoa, na nakala huwaachia jamaa wa mgonjwa mbele ya waliohudhuria. Siku ya pili hurudi, hutazama, huandika tena. Na ya tatu, na ya nne. Mgonjwa akipona, tabibu huchukua ujira wake. Akifa, jamaa hupeleka zile nakala kwa mkuu wa matabibu. Akiona kazi imekwenda kwa mujibu wa fani bila uzembe, husema muda wa marehemu ulikuwa umekwisha. Akiona kinyume chake, huwaambia wachukue diya ya mtu wao kwa tabibu, kwani ndiye aliyemuua kwa ubaya wa kazi yake.

Ni vitabu vingapi vya hospitali zetu leo ambavyo nakala yake imo mkononi mwa jamaa wa mgonjwa?

Kauli za fukahaa

Msingi wa mas'ala haya ni hadithi waliyoipokea Abu Dawud, An-Nasai na Ibn Majah, kwa njia ya Amr bin Shu'ayb, ambayo maana yake ni kwamba anayejitia utabibu hali hakujulikana kwa utabibu kabla ya hapo, yeye ni mdhamini. Isnadi yake ina maneno, na Abu Dawud mwenyewe ameashiria hilo; wako walioihukumu kuwa hasan, na fukahaa wameifanyia kazi.

Jambo ambalo wanafunzi wetu hupita juu yake bila kusimama ni kwamba fukahaa hawakumtenga mganga wa mnyama na mganga wa mtu. Imamu Ash-Shafi'i (r.a.) katika Al-Umm anawataja kwa pamoja aliyeamuru apigwe chuku, au kijana wake atahiriwe, au mnyama wake atibiwe, kisha kikatokea kifo kwa kitendo hicho. Akiwa mtendaji amefanya kile afanyacho mfano wake, chenye maslahi kwa anayetendewa, kwa mujibu wa wajuzi wa fani hiyo, hana dhamana. Akiwa amefanya kisichofanywa na mfano wake, naye anajua, ni mdhamini. Al-Quduri wa Hanafi, na Al-Hidaya baada yake, wamemtaja mtoa damu wa watu pamoja na mpasuaji wa wanyama katika hukumu moja: hakuna dhamana maadamu hawakuvuka mahali pa kawaida. Na Al-Hajjawi wa Hanbali katika Zad Al-Mustaqni' amewaweka mpiga chuku, tabibu na baytari katika ibara moja, kwa masharti mawili: ujuzi wao uwe umejulikana, na mikono yao isivuke mpaka.

Rejea kipimo cha Imamu: wajuzi wa fani hiyo. Hakusema wajuzi wa zama zake. Fani ikisonga, mpaka nao unasonga. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa pendekezo kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe, kwa hadubini au kwa kipimo cha haraka, kabla ya kupewa dawa. Kabla ya hapo, kumpa dawa mtoto mwenye homa kwa dhana tu lilikuwa jambo la kawaida katika nchi zetu. Baada yake, mwenye kipimo kabatini na asikitumie amefanya kisichofanywa na mfano wake. Kwa upande mwingine, kipimo nacho si wahyi. Kile cha Widal cha homa ya matumbo, kilichotangazwa tangu mwaka 1896, kikisomwa mara moja tu humwonyesha mzima kuwa mgonjwa, kwa kuwa damu ya watu wa nchi zenye maradhi hayo hubeba alama zake hata wakiwa wazima. Ni wangapi katika sisi tumetoka na karatasi ya malaria na taifodi kwa pamoja! Natija ya kipimo inatoa dhana yenye nguvu, na dhana yenye nguvu inafanyiwa kazi, kwa sharti la kujua udhaifu wake.

Ng'ombe wa madrasa

Sasa kesi yetu. Madrasa yetu ilikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, aliyetolewa wakfu kwa ajili ya wanafunzi wa bweni. Akapata homa, akaacha kula, tezi zikavimba chini ya sikio na mbele ya bega. Tukamwita mtaalamu wa mifugo, mwenye cheti, anayejulikana mjini. Alisimama mlangoni mwa zizi, akasikiliza maneno ya kijana mchungaji, akasema ni ndigana, akadunga sindano ya oksitetrasaikilini, akachukua ujira wake na bei ya dawa, akaenda. Siku ya nne ng'ombe akawa anakohoa na kutoa povu puani. Tukamwita mwingine. Huyu alianza kwa kushika tezi, akazichoma kwa sindano, akapaka majimaji kwenye kioo, akaenda navyo kwenye hadubini. Alirudi kutuambia kwamba ni ndigana kali, na kwamba imechelewa.

Wafugaji wanajua kwamba ndigana ni mbili. Ndigana baridi hutibika kwa dawa ile ya kwanza. Ndigana kali ina vimelea vingine, na dawa yake ni nyingine, buparvakwoni, nayo hufaa ikiwahi. Kuchanganya si jambo la aibu peke yake. Robert Koch, bingwa mkubwa wa hadubini wa zama zake, aliviona vimelea vya ndigana kali katika damu ya ng'ombe wa Dar es Salaam mwaka 1897, akavidhania kuwa ni vya ugonjwa wa mkojo mwekundu. Ikamchukua mpaka mwaka 1903, alipokuwa Bulawayo, kutambua kwamba ni maradhi mengine kabisa. Tofauti ni kwamba Koch alikosea baada ya kutazama.

Ng'ombe akafa. Wazee wa madrasa wakataka tutoe hukumu: je, alipe thamani yake? Tulikaa wanne. Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba alipe, kwa kuwa ujuzi wake umejulikana lakini mkono wake umevuka mpaka kwa kuacha kugusa, na akatuletea habari ya Ibn Al-Ukhuwwa ya kulipishwa diya kwa uzembe. Sisi tuliona vingine. Ibara ya Al-Umm inahusu kilichoharibika kwa kitendo cha mtibabu, na sindano ile haikuua. Kilichoua ni maradhi, na yeye aliacha kuyazuia. Desturi ya Wayunani, hata ikisimuliwa na mtu wa hisba, si dalili ya kisheria ya kumtoa mtu mali yake. Lakini ujira ni jambo jingine. Alikodiwa atibu kama watibuvyo wajuzi wa fani yake, na kazi hiyo hakuifanya. Basi hakustahiki ujira, na bei ya dawa isiyohusika ni juu yake.

Tulimwita tukamwomba maandishi ya siku ile: joto la mnyama, alichokiona, kiasi cha dawa. Hakuwa ameandika kitu. Akarudisha fedha zote bila ugomvi, akaomba radhi. Mwenzetu hakuridhika hadi leo, na kila tukikutana hunukuu upya Zad Al-Mustaqni' na kutuuliza iwapo kuacha kugusa si kuvuka mpaka. Tumemwomba aandike hoja yake kwa ukamilifu, na ikituwasilia, Inshaallah, tutaichapisha kama ilivyo.